MOTOKAA YAKO: Injini Inayokataa Kuamka Asubuhi

Mkulima mmoja wa pande za Kinangop ameniletea barua ndefu, nami nimeona yafaa kuijibu hapa gazetini kwa kuwa shida yake ni shida ya wengi wakaao katika nchi za baridi. Analo gari kuukuu la mizigo, Peugeot 504, ambalo hulitumia kupeleka maziwa yake na ya jirani zake kwenye tangi la ushirika kila siku kabla ya saa moja ya asubuhi. Mchana gari hilo halina ubaya wowote. Likiisha kupata joto hupanda milima na mikebe yake bila kunung'unika. Lakini alfajiri, hasa tangu mwezi wa Juni, stata huzunguka kwa muda mrefu kabla injini haijashika, na ikishika hutetema, hukohoa, hutoa moshi mweusi, kisha huzimika mara mbili au tatu. Tayari mara mbili maziwa yamefika tangi likiwa limekwisha kufungwa, yakarudishwa nyumbani.

Bwana huyu amekwenda kwa mafundi wawili. Wa kwanza alimwambia anunue kabureta mpya. Wa pili alisema ya kwamba ringi za pistoni zimekwisha, na hapana budi injini ifunguliwe yote. Sasa anauliza: je, auze mtamba mmoja apate kulipa gharama hizo, au auze gari lenyewe na kumaliza maneno?

Jibu langu ni kwamba asiuze kitu kwanza. Kwa kadiri ya barua yake, hakuna hata mmoja wa mafundi hao aliyepima chochote. Walisikiliza, wakatikisa kichwa, wakataja bei. Huenda mmoja wao amesema kweli, lakini hajaionyesha kweli hiyo, na mtu hapaswi kuuza mtamba kwa sababu ya neno lisiloonyeshwa. Tena gari lenyewe si la kudharauliwa. Aina hii ya 504 ilitolewa kwa mara ya kwanza Ufaransa mwaka wa 1968, na mwaka wa 1975 moja lao, likiendeshwa na Ove Andersson wa Uswidi, lilishinda mashindano ya Safari Rally katika matope na mavumbi yetu haya haya. Mashine zake ni za kawaida, nazo zaweza kuchunguzwa na mtu mwenye spana chache na subira.

Kabla ya kushika spana, yatupasa kufahamu baridi huifanyia nini injini. Petroli ikiwa maji maji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini yenye joto hutosheka na kadiri ya kilo 1 ya petroli kwa kilo 15 za hewa. Lakini injini ikiwa baridi, sehemu kubwa ya petroli haigeuki kuwa mvuke, bali hugandama katika kuta za mfereji unaoingiza hewa, kama umande juu ya bati. Ndiyo sababu gari la kabureta lilipewa choki: kibati kidogo kinachoziba mdomo wa kabureta ili injini ivute petroli nyingi na hewa kidogo, na ule mvuke mchache upatikanao utoshe kuwaka. Wakati huo huo oili ya injini imekuwa nzito, kwa hiyo stata hufanya kazi ngumu zaidi. Na betri nayo, ikishikwa na baridi iliyo karibu na barafu, hupoteza robo ya nguvu zake au zaidi. Basi asubuhi ya Julai injini hutaka petroli zaidi, cheche kali zaidi na mzunguko wenye nguvu zaidi, na vyote vitatu hupatikana kwa taabu.

Kwa watu wa nchi za juu liko jambo la nne, ambalo mafundi wengi hawalitaji. Penye mita 2,500 juu ya bahari, kama zilivyo sehemu nyingi za Kinangop, kani ya hewa ni kama robo tatu tu ya ile ya Mombasa. Kabureta iliyotengenezwa kwa hewa nzito ya pwani hutoa petroli nyingi kuliko inavyofaa katika hewa nyepesi. Kwa hiyo mkulima wetu yuko kati ya mambo mawili yanayopingana: baridi inamdai aongeze petroli, na kimo cha nchi kimekwisha kumwongezea. Akivuta choki kama mtu wa Voi na kuiacha kwa muda mrefu, ataizamisha injini katika petroli.

Sasa tuisome barua yake tena. Moshi wake ni mweusi. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi, isiyopata hewa ya kutosha au cheche ya kuiwasha. Moshi wa samawati ndio moshi wa oili, nao ndio ungekuwa ushahidi wa fundi wa pili; lakini bwana huyu hautaji, na anasema haongezi oili ila kidogo sana. Moshi mweupe unaotoweka baada ya dakika chache ni mvuke wa maji tu, wala si wa kutia hofu. Kwa hiyo, hata kabla ya kufungua boneti, neno la ringi za pistoni limepungukiwa na ushahidi. Na neno la kabureta mpya nalo lina pengo: kama kabureta ingekuwa imechakaa kabisa, ingesumbua mchana pia.

Aanze na betri, kwa sababu hiyo ndiyo rahisi kupimwa. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika usiku kucha, huonyesha kama volti 12.6. Ikionyesha 12.2 ina nusu tu. Stata inapozunguka, kipimo kisishuke chini ya volti 9.6 au hivi. Lakini mara nyingi betri yenyewe ni nzima na ubaya uko katika vichwa vyake vilivyoota unga mweupe au wa kijani, au katika waya mnene unaounganisha injini na chasisi. Avifungue, avisugue kwa msasa mpaka ving'ae, avifunge kwa nguvu. Kazi hiyo ni ya robo saa.

Kuna dalili moja hapa ambayo ningependa kila mwenye gari kuukuu aijue. Ikiwa injini haishiki wakati stata inapozunguka, bali hushika mara tu unapoachilia ufunguo, basi sababu yake huwa ni ya umeme. Stata yenye njaa hula umeme wote wa betri, na koili hubaki na mabaki, ambayo hayatoshi kutoa cheche ya kuwasha petroli ya baridi. Ukiachilia ufunguo, umeme hurudi kwa koili, na kwa kuwa injini bado inazunguka kidogo, huwaka. Mtu wa namna hiyo akibadili kabureta tatu hatapona.

Baada ya betri, plagi. Azifungue zote nne akizipanga kwa utaratibu, ili ajue kila moja imetoka katika silinda gani, kwa maana plagi ni kama barua iliyoandikwa na silinda yenyewe. Iliyo na rangi ya kahawia au kijivu inafanya kazi yake. Nyeusi na kavu kama masizi ya chungu ni ishara ya petroli nyingi. Iliyolowa na kunuka petroli haikupata cheche. Yenye utelezi wa oili imetoka katika silinda yenye oili, na hapo ndipo tutakapomkumbuka fundi wa pili. Ikiwa tatu ni safi na moja tu ina maji ya petroli, basi tatizo ni la silinda hiyo au waya wake, wala si la kabureta, kwa kuwa kabureta hulisha zote nne. Nafasi ya plagi katika magari mengi ya aina hii ni kati ya milimita 0.6 na 0.8; kipimo kamili kimeandikwa katika kitabu cha gari, na ni afadhali kukifuata hicho kuliko kuyafuata macho.

Katika injini ya 504 plagi zimekaa chini kabisa ya mashimo marefu yanayopita katika kifuniko cha valvu. Mipira yake ikichakaa, oili huvuja ndani ya mashimo hayo. Na mtu akiosha injini kwa maji, maji hukaa humo kama kisimani. Cheche, badala ya kushuka mpaka kwenye plagi, hutorokea pembeni. Joto la injini likija maji hukauka na ubaya hutoweka mpaka kesho yake. Hili peke yake laweza kuwa jibu la barua nzima.

Ukitaka kuona umeme unaotoroka, usingoje jua. Fungua boneti kukiwa bado giza na ukungu umeshuka, mwambie mtu awashe gari, nawe utazame nyaya za plagi na kifuniko cha distribyuta bila kuzigusa. Nyaya zilizopasuka huonyesha cheche ndogo za buluu zikichezacheza juu yake. Mchana hutaona kitu. Kifuniko cha distribyuta kipanguswe kwa kitambaa kikavu nje na ndani, na kitazamwe kama kina ufa mwembamba mweusi kama uzi. Chenye ufa hakina dawa ila kubadilishwa, nacho ni bei ndogo ukilinganisha na kabureta. Pointi za distribyuta, kama gari bado linazo, zisuguliwe na kupewa nafasi ya kadiri ya milimita 0.4. Kama zina vishimo vikubwa, bora kununua mpya pamoja na kondensa yake.

Ndipo tufike kwenye choki. Naisema kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayotuhumiwa kidogo na kukosea mara nyingi. Aondoe kifuniko cha chujio la hewa, kisha amwite kijana wake avute kitufe cha choki akiwa ameketi ndani ya gari, naye atazame mdomo wa kabureta. Kitufe kikivutwa chote, kile kibati hakina budi kuziba kabisa. Kikirudishwa chote, kibati kisimame wima kabisa. Katika magari makuukuu waya wa choki hushika kutu ndani ya mfereji wake, au msumari wake hulegea, na kibati hukwama katikati. Choki iliyokwama hivyo ni hasara mara mbili: asubuhi haizibi vya kutosha, na mchana inanyonyesha injini petroli isiyohitajiwa. Matone machache ya oili nyepesi na kukaza msumari mmoja huenda vikamaliza yote. Wakati huo huo atazame chujio lenyewe, kwa maana chujio lililojaa vumbi ni kama choki nyingine ambayo hairudi.

Kuhusu namna ya kuwasha, nitasema kama nilivyozoea kuwaambia madereva. Vuta choki yote. Kanyaga mafuta mara moja, kwa baridi kali mara mbili, kisha ondoa mguu. Zungusha stata kwa muda usiozidi sekunde kumi. Isiposhika, ngoja nusu dakika ili betri ipumzike. Ikishika tu, rudisha choki mpaka nusu, kwa mtu wa nchi za juu hata zaidi ya nusu, na mara injini inapotulia anza safari polepole. Choki iwe imerudi yote kabla ya kilomita mbili. Kuiacha injini ingurume pale uani robo saa choki ikiwa nje, huku watu wakinywa chai, si kuipasha joto bali ni kuiumiza.

Naomba neno hili la mwisho lisipuuzwe, kwa kuwa hapa ndipo hasara ya kweli ilipo. Petroli isiyowaka huosha oili katika kuta za silinda, kisha hushuka na kuchanganyika na oili iliyo chini ya injini. Chomoa kijiti cha kupimia oili ukinuse. Kikinuka petroli, au oili ikiwa imepanda juu ya alama bila mtu kuongeza, badili oili hiyo upesi, kwa kuwa haiwezi tena kulinda chuma. Mwenye gari akiendelea hivyo mwaka mmoja au miwili, ringi za pistoni zitakwisha kweli, na yule fundi wa pili atasema, Sikukuambia?

Ikiwa injini imekwisha kuzama petroli na harufu imejaa, usizidi kuvuta choki. Irudishe yote, kanyaga mafuta mpaka chini uyashikilie hapo bila kupampu, kisha zungusha stata. Hewa nyingi itaingia na kuikausha.

Wako wasomaji ambao shida yao ni kinyume cha hii: injini hupiga chafya kupitia kabureta, huzimika choki inaporudishwa, na hakuna moshi mweusi. Hao watafute hewa inayoingia kwa wizi. Huingia penye gasketi iliyo chini ya kabureta, au katika mipira myembamba ya hewa, au katika mpira mnene uendao kwenye breki. Injini ikinguruma, nyunyiza maji kidogo kwa pampu ndogo ya mkono penye viungo hivyo. Mngurumo ukibadilika umepata tundu. Tumia maji, wala si petroli kama nilivyoona wengine wakifanya karibu na ekzosi yenye moto. Na kama stata huzunguka sana kila asubuhi kabla ya dalili yoyote ya kushika, halafu injini huenda vizuri, huenda petroli hurudi tangini usiku kwa sababu ya kiwambo au valvu ya pampu iliyochakaa, na bakuli la kabureta hubaki tupu.

Petroli yenyewe nayo ichunguzwe. Petroli iliyokaa miezi mingi hupoteza ule uvuke mwepesi unaowaka kwanza. Vile vile petroli iliyotiwa mafuta ya taa: mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi, kwa hiyo gari husumbua likiwa baridi na kunyamaza likipata moto. Uovu huo ulikuwa umeenea hata mwaka wa 2018 serikali ya Kenya ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuondoa faida ya kuchanganya. Dondosha petroli yako kidogo juu ya karatasi safi. Petroli njema hukauka isiache alama, na iliyochanganywa huacha doa la mafuta. Hata bila karatasi, nunua kituo kingine tangi likikaribia kwisha, ulinganishe asubuhi tatu.

Mambo hayo yote yakionekana mema, hapo ndipo pa kupima mbano wa silinda. Fundi mwenye kipimo hufunga kipimo hicho mahali pa plagi na kuzungusha stata. Silinda zote nne ziwe karibu sawa. Moja ikiwa chini sana, hutiwa kijiko cha oili na kupimwa tena: mbano ukipanda, ringi ndizo zilizochoka, usipopanda, ni valvu. Valvu zinazokaa wazi kidogo kwa kukosa nafasi yake huleta mtetemo wa asubuhi, na dawa yake yaweza kuwa ni kurekebisha nafasi tu. Ningemwomba fundi wa pili afanye kipimo hiki mbele ya mwenye gari kabla ya neno la kufungua injini kutajwa tena. Asiye na kipimo hiki asikabidhiwe injini.

Mambo mawili ya hatari. Wako wanaomimina petroli katika mdomo wa kabureta huku mwenzao akiwasha. Injini ikipiga chafya, moto hutoka pale pale penye chupa na uso wa mtu. Tena wako wanaoweka jiko la makaa chini ya injini usiku, au kuwasha gari ndani ya banda lililofungwa ili baridi isiingie. Jiko lililo chini ya gari lenye petroli halihitaji maelezo. Lakini moshi wa gari na wa makaa pia una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlaza mtu asijue ya kuwa analala. Gari lisukumwe nje kwanza.

Kwa wenye magari mapya zaidi, ambayo petroli yake hurushwa kwa sindano na kuongozwa na kompyuta, hakuna choki ya kuvuta, na vipimo vyake ni vingine. Hayo tutayaandika kwa siku yake.

Bwana wa Kinangop, fanya kazi hii Jumapili ukirudi kutoka ushirika: betri, plagi na mashimo yake, nyaya na distribyuta, kisha choki na chujio. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, ujaribu asubuhi inayofuata, uandike katika daftari, ama sivyo hutajua ni kipi kilichoponya. Mpaka hapo, kila jioni liegeshe gari likielekea mteremkoni, uliwekee mawe makubwa mbele ya magurudumu, ili stata ikikataa uweze kuliwasha kwa mteremko na maziwa yasichelewe. Tuandikie rangi ya kila plagi na namba ya silinda yake, nasi tutakujibu. Juma lijalo ni zamu ya karani wa Nakuru ambaye breki zake huvuta upande wa kushoto.